Redio ya wati 50, spika ya wati 350: namba ipi ya kuamini?

*Swali: Fundi, habari za kazi. Gari langu lina redio iliyoandikwa 50W × 4. Nataka kubadilisha spika za milango ya mbele na nimebaki na aina mbili za inchi 6.5: moja imeandikwa 350W, nyingine 180W. Nimepata pia amplifaya ya chaneli 4 iliyoandikwa 2000W, na sabufa ya inchi 12 ya 1200W, "4+4 Ω". Rafiki yangu mmoja anasema redio ya wati 50 haiwezi kusukuma spika ya wati 350. Mwingine anasema amplifaya ya wati 2000 italipua kila kitu. Nani mkweli? Na hizo nyingine, RMS, dB, Fs, Qts, zina kazi gani au ni mapambo ya karatasi? Nimekutumia picha za kartoni zote.*

Salama kabisa, ndugu yangu. Rafiki zako wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: wameshindanisha namba zilizochapwa kwa herufi kubwa mbele ya kartoni. Picha zako za nyuma ya kartoni ndizo zilizonisaidia. Huko, kwa maandishi ya kusoma ukiwa umekodoa macho, kuna karibu kila kitu unachokihitaji.

Ukisikia mtu anataja wati, muulize mambo manne: kwa volti ngapi, kwa omu ngapi, sauti ikiwa imechafuka kwa asilimia ngapi, na kwa muda gani. Akishindwa kujibu, hajakwambia kitu. Tuchukue vifaa vyako kimoja kimoja, na tuanze na redio, maana hiyo ndiyo inayodanganya kwa adabu kuliko vyote.

Redio ya kawaida ya gari haina kifaa cha kupandisha volti. Inatumia umeme wa gari kama ulivyo: volti 14.4 hivi injini inapowaka, na kama 12.6 injini ikizimwa na betri ikiwa imejaa. Chipu ya sauti iliyomo ndani inasukuma waya zote mbili za spika kwa kupokezana (ndiyo maana hasi ya spika haigusishwi kamwe kwenye bodi ya gari), lakini hata kwa ujanja huo wimbi la sauti haliwezi kupanda zaidi ya hizo volti 14.4. Sasa chukua kalamu. Wimbi safi lenye kilele cha volti 14.4 lina volti 10.2 tu za RMS, yaani kilele ukikigawa kwa 1.414. Wati ni volti mara volti, gawa kwa omu. 10.2 mara 10.2 ni 104. Gawa kwa 4, yaani omu 4 za spika zako, unapata wati 26. Hapo tumejifanya kwamba chipu haipotezi hata chembe. Inapoteza, kwa hiyo redio nyingi zinatoa kati ya wati 15 na 22 za sauti safi kwa kila chaneli.

Basi 50 imetoka wapi? Rudia hesabu ile ile bila kugawa kwa 1.414. 14.4 mara 14.4 ni 207. Gawa kwa 4: wati 51.8. Ndiyo hiyo. Ni nguvu inayotoka redio ikifunguliwa mpaka wimbi limekatwa kichwa na miguu na kuwa umbo la matofali. Hakuna anayesikiliza muziki namna hiyo kwa hiari yake. Kwa hiyo namba yenyewe haikubuniwa, ila wakati wa kupimwa sauti ilikuwa imeshaharibika kabisa. Ukitaka ushahidi wa macho, chomoa redio uangalie fyuzi mgongoni mwake. Nyingi zina ampea 10 au 15. Ampea 10 mara volti 14.4 ni wati 144 zinazoingia. Wati 200 zitatokaje mahali palipoingia 144?

Hizo herufi RMS nitazirudia sana, basi tuelewane mapema. Kilele ni mpigo wa kufumba na kufumbua. RMS ni nguvu inayodumu, ile inayoweza kupimwa kifaa kikifanya kazi mfululizo. Wanahisabati wana malalamiko yao kuhusu kusema "wati za RMS", na wana haki, lakini kwenye kartoni zimekaa hivyo na sisi tunazisoma hivyo. Ukiona MAX, PEAK au neno lolote la kujisifu, pita.

Wati za spika

Hapa ndipo rafiki yako wa kwanza alipojikwaa. Wati zilizoandikwa kwenye spika hazisemi spika inahitaji nini, wala inatoa nini. Zinasema inavumilia nini kabla koili, ule waya uliozungushwa ndani yake, haijaungua. Spika yenye uvumilivu wa wati 60 italia vizuri tu kwa wati 5. Unaposikiliza kwa sauti ya kuongea, pengine inapokea wati moja au chini yake. Kwa hiyo redio yako itaisukuma spika ya "350W", ambayo kwa maandishi madogo ni RMS 60. Ile ya "180W" ni RMS 50. Umeona? Mbele ya kartoni moja inaonekana karibu mara mbili ya mwenzake. Nyuma zimepishana kwa wati 10, tofauti ambayo sikio lako halitaijua.

Namba inayokwambia ipi italia kwa nguvu ni ile ya desibeli: usikivu wa spika, yaani kiasi cha sauti kinachotoka ukiipa nguvu kidogo na kusimama mita moja mbele yake. Kanuni zake ni mbili. Kuongeza nguvu mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, ongezeko dogo. Kuongeza nguvu mara kumi kunakupa desibeli 10, na hapo ndipo sikio linasema sauti imekuwa kama maradufu. Ndiyo maana kutoka wati 50 kwenda 100 watu wengi huwa wanauliza "umebadilisha nini?"

Spika yako ya kwanza ina dB 86, ya pili dB 91. Haraka haraka ungesema ya pili imeiacha mbali, maana desibeli 5 ni sawa na kuzidisha nguvu mara tatu na zaidi. Lakini kuza ile picha usome kilichofuata namba. Ya kwanza imeandikwa 1W/1m. Ya pili imeandikwa 2.83V/1m. Hayo si majaribio sawa. Volti 2.83 kwenye spika ya omu 8 ni wati moja kamili, na kipimo hicho kilizoeleka tangu enzi za spika za nyumbani za omu 8. Kwenye spika ya omu 4 kama yako, volti hizo hizo ni wati 2. Yaani spika ya pili ilipimwa ikiwa imepewa nguvu maradufu, ikazawadiwa desibeli 3 za bure. Zitoe: inabaki 88. Ingekuwa ya omu 2, ungetoa 6.

Tofauti halisi basi ni desibeli 2. Kwa redio peke yake, inayotoa tuseme wati 18, spika ya kwanza ingehitaji wati 28 ili ilingane na ya pili, na wati 28 safi redio yako haina. Kama ungebaki na redio tu, ningekwambia chukua ya pili bila kufikiri. Lakini unaweka amplifaya, na kwa amplifaya desibeli 2 zinafidiwa kwa kusogeza kidole. Hapo chagua kwa masikio, ukisikiliza wimbo unaoujua hadi pumzi za mwimbaji.

Na kwa kina. Usicheke. Kuna kipimo kinaitwa kina cha kufungia: urefu kutoka ukingo wa spika hadi mgongo wa sumaku. Niliwahi kufunga spika nzuri, skrubu zote nane zimekaa, mteja anatabasamu, akashusha kioo. Kioo kikashuka nusu kikagonga sumaku. Tangu siku hiyo nashusha kioo hadi mwisho na kuingiza rula kwenye tundu la mlango kabla sijafungua kartoni. Inchi 6.5 inakwambia upana tu. Kina kinatofautiana kutoka spika hadi spika kwa sentimita mbili na zaidi.

Amplifaya ya wati 2000

Amplifaya kubwa kuliko redio ina kifaa cha ndani cha kupandisha volti, ndiyo maana inaweza kuvuka ukuta wa wati 26. Lakini haizalishi umeme, inaubadilisha umbo tu, na umeme wote unaoingia unapita kwenye fyuzi. Basi fyuzi ndiyo shahidi ambaye ni vigumu kumhonga. Yako ina fyuzi mbili za ampea 25. Jumla 50. Mara volti 14.4, ni wati 720 zinazoweza kuingia. Amplifaya za mtindo wa zamani, za daraja AB, hugeuza kama asilimia 60 ya hizo kuwa sauti na nyingine zikawa joto. Za daraja D hufika asilimia 80 au zaidi. Yako ni AB, kwa hiyo 720 mara 0.6 ni wati 430 hivi, chaneli zote kwa pamoja, ikiwa imekunywa mpaka fyuzi inakaribia kukata. Hizo 2000 hazipo.

Ila nikuondoe wasiwasi: hukuuziwa takataka. Kwa maandishi madogo imeandikwa RMS wati 60 × 4 kwa omu 4, wati 90 × 4 kwa omu 2, na wati 180 × 2 zikiunganishwa kwa omu 4. 90 mara 4 ni 360. 360 iko ndani ya 430. Fyuzi na karatasi vinakubaliana, na kwangu hiyo ni dalili nzuri kuliko nembo yoyote. Mashaka yaanze pale wati za RMS zinapozidi zile fyuzi inazoruhusu. Mteja aliwahi kuniletea amplifaya iliyoandikwa 5000W, ndefu kama benchi, nzito, haina nguvu hata ya kutikisa kioo. Nikaifungua. Bodi ya saketi ilichukua theluthi moja ya urefu. Iliyobaki ilikuwa chuma kitupu cha kupendezesha macho. Debe tupu haliachi kuvuma, ingawa lile hata kuvuma halikuweza.

Kuna njia rasmi ya kupima amplifaya za magari ili zilinganishwe kwa haki. Ilitolewa Marekani mwaka 2003 kwa jina CEA-2006, na siku hizi inaitwa CTA-2006 baada ya chama kilichoitoa kubadili jina. Inajibu yale maswali yangu ya mwanzo: volti 14.4, omu 4, uchafu usiozidi asilimia 1, na nguvu inayodumu. Kuifuata ni hiari ya mtengenezaji. Ukiiona kwenye kartoni, amini wati zilizo karibu nayo. Usipoiona, hesabu fyuzi.

Kwa hiyo, je, amplifaya hii italipua spika? Wati 60 kwa spika ya RMS 50 au 60 ni ndoa nzuri. Kinacholipua spika mara nyingi ni amplifaya au redio ndogo iliyofunguliwa kupita uwezo wake. Wimbi likikatwa kichwa, nguvu ya wastani inapanda, na mapengo ya muziki yanayoipa koili nafasi ya kupoa yanapungua. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo inayotangulia kufa, kwa sababu koili yake ni nyembamba na kazi yake ya kawaida ni kupokea sehemu ndogo tu ya nguvu. Watu wanasema "imeungua kwa kukosa nguvu", kama vile spika inaweza kufa njaa. Haifi njaa. Imeunguzwa na mtu aliyeng'ang'ania kuongeza sauti ilhali sauti ilishaanza kukwaruza.

Omu, na hiyo 4+4

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa zinapoungua.

Omu ni ukinzani ambao spika inautoa dhidi ya umeme. Zikipungua, umeme mwingi unapita, amplifaya inafanya kazi zaidi. "Omu 4" ni jina la kawaida tu. Ukweli ni kwamba ukinzani wa spika unapanda na kushuka kulingana na masafa ya sauti. Ukiweka mita kwenye miguu ya spika ya omu 4 itakuonyesha kitu kama 3.2 hadi 3.8, kwa kuwa mita inapima ukinzani wa waya wa koili pekee. Usirudishe spika dukani kwa sababu hiyo.

Sabufa yako ina koili mbili, kila moja omu 4. Hiyo ndiyo maana ya 4+4: unaamua mwenyewe amplifaya ione nini. Ukiziunganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaona omu 2. Ukiziunganisha kwa mfululizo, hasi ya koili ya kwanza ikaingia chanya ya koili ya pili, inaona omu 8. Omu 4 hazipatikani kwa sabufa moja ya namna hii. Unaweza kusikia fundi akisema "tumia koili moja tu utapata 4". Ni kweli utazipata, pamoja na nusu ya uvumilivu wa sabufa na mienendo tofauti na ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Usikubali.

Mpango wako, nadhani, ni chaneli mbili za mbele ziende milangoni, na mbili za nyuma ziunganishwe kuwa moja kwa ajili ya sabufa, kile mafundi tunachokiita kubriji. Mpango ni mzuri. Lakini chaneli zikibrijiwa, kila moja inauona mzigo nusu. Sabufa ya omu 4 kwenye briji ni omu 2 kwa kila chaneli, na karatasi yako inasema omu 2 ndio mwisho wa amplifaya hii. Sasa ukifunga koili zako sambamba, omu 2 kwenye briji, kila chaneli inaona omu 1. Itapiga. Itapiga vizuri sana, kwa dakika kadhaa, halafu itachemka na kujizima ukiwa na bahati. Usipokuwa na bahati utanusa.

Kwa hiyo funga kwa mfululizo, omu 8. Kila chaneli inaona omu 4 na kutoa wati zake 60, jumla 120. Sabufa yenyewe ni RMS 300, kwa hiyo utakuwa unaitumia chini ya nusu ya uvumilivu wake. Haina madhara yoyote, ila si kile ulichokitarajia ulipoona 1200W. Kama bado hujailipia, omba sabufa hiyo hiyo katika toleo la 2+2. Koili hizo kwa mfululizo ni omu 4, briji inatoa wati 180, na amplifaya inabaki ndani ya mipaka yake. Kutoka 120 hadi 180 ni karibu desibeli 2. Kidogo, lakini ni za bure, zinataka tu usome kibandiko kabla ya kulipa.

Yaliyobaki kwenye karatasi

Masafa, kwa mfano "35 – 22,000 Hz" kwenye spika zako zote mbili, yasikusumbue. Sikio la binadamu mwenye afya linasikia kuanzia Hz 20 hadi 20,000, na mtengenezaji anataka tu kuonyesha kwamba amefika huko. Bila kuandika sauti imeshuka kwa desibeli ngapi pembezoni, namba hizo hazina thamani. Kushuka desibeli 10 maana yake imebaki sehemu moja ya kumi ya nguvu. Spika ya inchi 6.5 mlangoni haitakupa Hz 35 ya maana. Kazi hiyo waachie sabufa, na milango ikatiwe kwenye Hz 80, isipokee besi ya chini ya hapo.

Uchafu wa sauti, unaoandikwa THD: asilimia 1 ni kipimo cha heshima kwa amplifaya. Ukiona wati zimepimwa kwa asilimia 10, ujue zimevutwa. Uwiano wa sauti na kelele una mtego kama ule wa volti 2.83. Amplifaya moja inaandika dB 100 ikiwa imepima kwa nguvu yake yote, nyingine dB 82 ikiwa imepima kwa wati 1 kama CTA-2006 inavyotaka. Kwa amplifaya ya wati 60, hizo mbili ni kitu kimoja, kwa sababu kutoka wati 1 hadi 60 ni desibeli 18. Aliyeandika namba ndogo ndiye mkweli zaidi, na ndiye atakayekosa mteja.

Volti za kutokea nyuma ya redio, kwenye zile soketi za RCA, yako ni 2. Wengine wana 4 au 5. Volti kubwa husaidia kuzuia mvumo wa injini usiingie kwenye sauti, kwa sababu geini ya amplifaya (kitufe nitakachokieleza mwishoni) haitahitaji kupandishwa sana. Nenda na ulichonacho.

Fs, Qts na Vas si mapambo

Hizi ndizo namba ninazozipenda kuliko zote, labda kwa sababu hakuna anayezitumia kutangaza biashara. Zinaitwa vigezo vya Thiele na Small, kwa majina ya wahandisi wawili. Neville Thiele alichapisha kazi yake Australia mwaka 1961, na Richard Small akaiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla yao, kutengeneza boksi la spika kulikuwa kukisia na kukata mbao tena.

Fs ni masafa ambayo spika ikiwa hewani, bila boksi, inapenda kutikisika yenyewe. Qts inaeleza ni kwa kiasi gani inajizuia isiendelee kutikisika baada ya mpigo kuisha. Vas ni kiasi cha hewa chenye ulaini sawa na ule wa vishikizo vya koni yake. Sabufa yako ina Qts 0.5 na Vas lita 45. Kwa boksi lililozibwa, tunatafuta Q ya mfumo mzima iwe karibu 0.707, mahali ambapo besi inashuka taratibu bila kuvimba. Chukua Vas, gawa kwa ujazo wa boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa Qts. Kwa boksi la lita 45: 45 gawa kwa 45 ni 1, ongeza 1 ni 2, kipeuo chake 1.414, mara 0.5 ni 0.707. Imekaa penyewe. Boksi la lita 30 lingekupa 0.79, besi yenye kifua kidogo zaidi. Wengine wanaipenda, na linaokoa nafasi kwenye buti. Lita 15 lingekupa 1, na hapo kila noti ya besi inaanza kufanana na jirani yake.

Lita 45 ni boksi la ndani sentimita 40 kwa 38 kwa 30, ukiongeza lita mbili au tatu za nafasi inayokaliwa na sabufa yenyewe. Ndani, siyo nje. Unene wa mbao usiuhesabu.

Waya, kisha geini

Amplifaya ya fyuzi za ampea 50 inataka waya mnene. Kwa mita 5 kutoka kwenye betri hadi buti, shaba halisi ya geji 4, ambayo ni milimita za mraba 21, inapoteza kama volti 0.2 kwa ampea 50. Waya wa geji 8 wa alumini iliyopakwa shaba, ule unaopatikana kwenye seti nyingi za bei rahisi, unapoteza zaidi ya volti 0.8. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Fyuzi ya ampea 60 iwekwe karibu na betri, ndani ya sentimita 45. Ile ya kwenye amplifaya inalinda amplifaya. Hii inalinda gari lisiwake moto waya ukichubuka.

Geini ndiyo kitufe kinachoeleweka vibaya kuliko vyote. Si sauti. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na volti zinazotoka kwenye redio, na inasetiwa kwa mita. Zima kila nyongeza ya besi, tonu zote ziwe sifuri, chomoa spika zote kwenye amplifaya, washa injini. Cheza mlio wa majaribio wa dB 0 na upandishe redio hadi robo tatu. Kwa milango tumia Hz 100 hadi 200, kizuizi cha besi kikiwa kimezimwa kwa muda. Mita nyingi za bei nafuu zinasoma vibaya kwenye Hz 1,000. Volti unazozitafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara omu. 60 mara 4 ni 240, kipeuo chake 15.5. Mita ikiwa kwenye volti za AC, pandisha geini taratibu hadi 15.5, simama.

Kwa sabufa ya omu 8 kwenye briji, mlio wa Hz 50, ni 120 mara 8, yaani 960, kipeuo chake 31. Pengine mita itafika 31 wakati kitufe cha geini kimezunguka robo tu ya njia, na mkono utakuwasha kutaka kukimalizia. Kiache hapo, zima redio, kisha rudisha waya za spika.